Ngege wa Nasipwondi na Mfungo wa Masika

Nasipwondi, mama yake Khamala, alikaanga ngege kwenye karai pale Kambi Muru, Kibera, na tangu mumewe afariki, karai hilo ndilo lililolisha nyumba. Samaki aliwanunua kwa wavuvi wa bwawa lililo chini ya Kibera. Mimi nilikaa mlango wa pili, nikishiba harufu bure.

Masika ya 1974 alikuwa akisafisha ngege jike akakuta mdomo umejaa vitoto vyenye macho. Kesho yake akakuta tena. Alikasirika kweli. Akawaita wavuvi, akawaambia samaki hawa hulea mdomoni, na wakiendelea kuwavua hivyo bwawa litabaki la vyura. Wakakubaliana upande wa matete usiguswe hadi mvua iishe. Asubuhi Murunga, mkubwa wao, alionekana palepale kwenye matete na wavu wake.

Basi Nasipwondi akamwomba Wekulo, mzee wa kanisa letu, atangaze. Wekulo alikuwa mtu wa maneno machache, tena yasiyotosha. Jumapili akasimama: "Ndugu, ni ombi la Mama Khamala. Kuanzia kesho tunafunga samaki mpaka mvua iishe. Amina."

Alikusudia bwawa lifungwe. Kanisa likasikia mfungo.

Jumatatu hakuna aliyenunua hata mkia. Jumanne vilevile. Nilimhurumia, ingawa kwanza nilicheka hadi nikashika mbavu. "Nenda kwa Wekulo arekebishe!" nikamwambia. Alikuwa ameshajifunga kitambaa cha kichwa aende, mara Murunga akatokea mlangoni, wavu mkavu begani.

"Mama Khamala, hii maneno ya kufunga imetumaliza. Hakuna mtu ananunua. Sasa nikivua, nipelekee nani? Sisi wote tumeenda kutafuta kazi ya mjengo."

Nasipwondi alimtazama, akarudi ndani, akavua kitambaa. Kwa Wekulo hakwenda tena: bila nyavu majini, vitoto vya ngege vingekua.

Akaanza kukaanga mandazi. Mungu anisamehe, yalikuwa magumu na yalinuka samaki. Yaliyobaki walikula wanawe, na yalibaki mengi. Usiku nilimsikia akiwabembeleza, nikamkasirikia kwa ukaidi wake, kisha nikampelekea unga.

Mvua ikiendelea, mke wa Wekulo aliona jinsi Nasipwondi alivyokonda. "Dada, wewe utafunga mpaka lini?"

"Mpaka watoto wakue."

Yule mama akawatazama akina Khamala waliokaa kizingitini, akamshika mkono. "Hiyo ni miaka, dada. Mungu akutie nguvu."

"Amina," Nasipwondi akasema, akaenda kukanda unga.