Gari la bi harusi lisilo na honi: nilivyoikamata relay ya feni

Wakuu, habari zenu. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, na dada yangu yupo, atawathibitishia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Msambweni. Dada yangu Mejumaa anaolewa, na gari la kumpeleka kwa mumewe Ukunda ni saloon yangu.

Asubuhi ya harusi nikaenda Ukunda kuchukua asumini. Njiani mshale wa temperature umetulia. Niliposimama sokoni, ukapanda hadi kwenye nyekundu.

Likapoa, nikarudi nalo nyumbani, likachemka tena. Fundi wetu Kassim akaamua bila kuinama: "Gasket ya injini imeungua hiyo. Bi harusi mtafutieni gari jingine."

Gari jingine lilikuwa pickup ya nazi. Mama aliposikia, akakaa kitako.

Nikatafakari. Gari likienda, upepo unapoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Nikafungua boneti: injini inatokota, feni kimya.

Fyuzi nzima. Nikaunga feni moja kwa moja kwenye betri, ikazunguka vizuri.

Basi mshukiwa akabaki mmoja: relay, kile kidude kinachoipa feni umeme injini ikipata moto.

Spea ziko Mombasa, ng'ambo ya feri. Lakini pembeni ya relay hiyo palikuwa na ya honi: umbo lile lile, miguu ile ile, namba zile zile. Nikazibadilisha nafasi, nikawasha gari.

Mshale ukapanda kidogo, halafu vuuu! Feni hiyo.

Nikabonyeza honi. Kimya. Hapo nilitabasamu, wakuu. Ubovu ulikuwa umehamia kwenye honi.

Kassim akacheka: "Harusi bila honi? Huo msafara wa matanga!"

Jioni tukatoka. Magari yote nyuma yanapiga honi, letu bubu.

"Piga honi wewe, watuaibisha!" shangazi akanigonga bega.

"Honi nimeitoa mahari, shangazi."

"Basi tutapiga sisi!" Wakashusha vioo, vigelegele mpaka Ukunda.

Pale umati ulitusimamisha kwa ngoma, injini inanguruma. Mshale haukusogea. Mejumaa akashuka, wanja wake haujachuruzika hata tone.

Kassim, aliyekuja na msafara, alikuwa mlangoni. Akatega sikio kwenye boneti, akanipa mkono. "Feni naisikia."

Relay mpya nilinunua baadaye. Msizoee kuendesha bila honi.

Funzo: kabla hujafungua injini, liulize gari linaumwa wakati gani.

Nanyi wakuu, mliwahi kuazima kifaa gani ndani ya gari lenyewe kuokoa siku? Mwagikeni hapa chini.