Ravioli Kumi za Kupata Chumba

Asubuhi moja niliondoka Kaniama bila mpango, nyuma ya pikipiki ya mtu aliyekuwa anarudi Kamina. Aliniuliza ninashukia wapi. Nikamwambia, pale itakaposimama. Ilisimama saa tisa alasiri karibu na gare, stesheni ya treni, kwa sababu mwenyewe alikuwa na njaa, mbele ya mgahawa mdogo wa meza nne. Mpishi alikuwa mama aliyetoka Taiwan. Kiswahili chake alikipata Lubumbashi.

Motari, yule mwenye pikipiki, aliagiza tambi za mchuzi wa ng'ombe. Mimi niliagiza kile nisichokijua: ravioli, vifuko vya unga vyenye nyama ya nguruwe na kabichi, vilivyochemshwa. Vijiti niliviacha. Nilinawa, nikala kwa mkono, mchuzi wa moto ukatiririka hadi kwenye kiwiko. Nikamwuliza mama ni unga gani, na nani anazifunga.

Aliyekuwa akizifunga, alisema, alimfuata mume wake mwanajeshi aliyehamishwa kutoka Base, kambi ya jeshi. Chumba chake cha uani kilikuwa wazi.

Nikaacha kutafuna. Sikuwa na ndugu wala rafiki katika mji ule.

“Mama, minyi nitafunga. Unipe ile chumba.”

“Niko natafuta muntu wa kufunga, hapana muntu wa kuuliza.”

“Unijaribu.”

“Funga kumi. Moja ikipasuka, unaenda.”

Alinionyesha mara moja tu, haraka. Nikafunga kumi. Sita zikapasuka sufuriani.

“Yaya, sasa iko supu ya kabichi!” motari alicheka, akiniita ndugu mkubwa.

Sikuondoka. Nilizitoa zilizopasuka, nikazipanga mezani. Zote zilifunguka mahali pamoja, tumboni, pale kidole changu cha gumba kilipopita. Nilikuwa ninazichimba kama tonge la bukari, ugali wetu, kutengeneza shimo la kuchotea mboga. Mkono wangu umefanya hivyo tangu utotoni, haungoji kuambiwa.

“Unipe kumi ingine.”

“Weye, kichwa nguvu!” Lakini akanisogezea unga.

Safari hii nyama niliisukuma kwa mgongo wa kijiko, gumba likabana ukingoni tu. Nilikwenda polepole mno.

“Hizi njo za kula kesho?” motari aliuliza.

Tisa zilielea nzima. Ya kumi ikatoa povu pembeni. Mama akaniangalia.

“Kumi ingine,” nikasema kabla hajafungua mdomo.

Za mara ya tatu alizigeuza moja moja kwa vijiti, akitafuta tundu. Hakuliona. Akamsukumia motari sahani nzima, naye akala mpaka ya mwisho bila mzaha wowote.

“Kesho saa kumi na mbili uko jikoni,” mama aliniambia, akanipa ufunguo.

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao kisicho na godoro, ndoo, na msumari mmoja ukutani. Nilitundika begi. Nikafungua dirisha nione linatazama wapi: reli, zote mbili, ile ya kwenda na ile ya kurudi. Nikalifunga, nikaenda kumwomba mama godoro.