Bunduki ya Bwana Asiyetaka Miwani

Mtu anayelisoma gazeti akiwa amelinyoosha mbali kama nepi chafu, kisha akuambie macho yake ni ya kipanga, huyo hana dawa. Ndivyo alivyokuwa yule bwana aliyeingia karakana yetu ya bunduki kule Tyseley, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa setla wa zamani. Uhuru ulipokuja aliuza shamba lake Kenya akarudi kwao, lakini kila mwaka alikwenda tena kuwinda, na kila mwaka alihakikisha sote tumejua.

Tajiri yangu alipomwambia kwamba natoka Kenya, akanigeukia na kile Kiswahili chao cha kuamrishia wapishi. "Wewe jua kazi? Mimi taka piga nyati."

"Naijua, bwana." Nilikuwa nimefunga vyuma vya kulengea kwenye bunduki za wenye akili na za wasio nazo, na huyu hakunichukua muda kumweka kundi lake.

Bunduki yenyewe ilikuwa nzuri, ile ya kukoki kwa wenzo ulio chini ya mkono: unausukuma mbele, unaurudisha, risasi imeingia. Nikamwekea mezani vyuma vya nyuma vya aina mbili. Kimoja kilikuwa kisahani chenye tundu. Kingine kilikuwa na pembe mbili zilizojikunja, kama za bunduki za wachunga ng'ombe kwenye sinema. Akazikodolea macho zile pembe kama mtoto aliyeona peremende.

Nikamweleza, tena taratibu. Jicho likizeeka halioni vizuri kitu cha karibu. Zile pembe zitakuwa ukungu, na ukiwa na haraka utainua ile shanga ya kulengea iliyo kwenye ncha ya mtutu mpaka uione, risasi ipite juu. Tundu hulitazami, unatazama kupitia humo, na jicho lenyewe linatafuta katikati.

"Hiyo ya tundu ni ya mzee," akasema. Nikafungua mdomo kumuuliza yeye ni nani basi, tajiri akanikanyaga mguu.

Hapo bwana akaanza majigambo. Kule ana mfuatanyayo wake, Mkamba mmoja asiyesema sana, sikio la kushoto limepasuliwa na chui. Huyo hutangulia vichakani, yeye yuko nyuma na bunduki. Nikaiweka tupa chini. Sikio lile nalijua, tuliliosha mimi na mama jeraha lilipokuwa bichi. Ni la kaka yangu mkubwa, aliyeuza ng'ombe wake nipate nauli ya kuja huku.

Sikumwambia bwana yule. Angedhani naomba bakshishi. Nilimvuta tajiri pembeni nikamwambia yeye, kwamba anayetangulia mbele ya bunduki hii ni ndugu yangu. Akajikuna kidevu. "Mteja akitaka pembe, mpe pembe," akasema. Tajiri yangu huyo kila Jumapili alikuwa kanisani, kiti cha mbele.

Basi nikazifunga. Nilizigongea kwenye mfuo wake kwa nyundo ya shaba, nikaipiga tupa shanga ya mbele mpaka ikakaa sawa. Kazi safi, kwa sababu sijui kufanya chafu hata kwa mpumbavu. Kwenye chumba cha majaribio bwana akatoa miwani mfukoni, akaegemeza bunduki kwenye gunia la mchanga, akapiga vizuri kabisa. Kisha akairudisha miwani mfukoni. Nikamwomba, nikiwa nimekutanisha viganja mbele yake, aende nayo porini. Akacheka. Picha zake zote za uwindaji zilikuwa ukutani kwake, akasema, na hakuna hata moja ambayo amevaa miwani.

Habari niliipata kwa nesi mmoja wa kwetu aliyekuwa akiishi Acocks Green, mtaa wa jirani, aliporudi kutoka likizo. Nyati alitoka kichakani, risasi ya kwanza ikapita juu, na ya pili pia. Nyati akamkanyaga kaka yangu, na hospitalini wakamkata mguu juu ya goti.

Bwana alirudi karakana amepigwa jua vizuri, na bunduki yake. Alikuwa amefikiri, akasema. Anataka kile cha tundu, wazo limemjia mwenyewe akiwa huko. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakumjua huyu: hakusikia yeye, guu likavunjika la mwingine.

Nikaipokea bunduki, nikaibana kwenye jiliwa. Kisha nikamwambia, kwa Kiswahili changu cha nyumbani, kwamba yule mwenye sikio lililopasuka ni kaka yangu, tumbo moja.

Akanitazama kidogo. "Pole," akasema, neno pekee la Kiswahili nililowahi kumsikia akilitamka sawasawa. Halafu akauliza itakuwa tayari lini.