Ng'ombe Mmoja, Majedwali Mawili

Nilimgawa ng'ombe vipande viwili nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini Nyakato, Musoma, bila kisu wala damu, na nikapongezwa. Kazi yenyewe ilikuwa mradi wa chanjo ya homa ya mapafu: kila ng'ombe avalishwe hereni yenye namba, aandikwe kwenye mfumo, na siku ya sindano orodha ichapwe. Mwandika mfumo nilikuwa mimi peke yangu, na kichwa changu kilichovimba.

Kwenye programu yangu ng'ombe alikuwa mzima. Ila kwenye kanzidata nilimtenga katika majedwali mawili. La kwanza lilibeba namba ya hereni, rangi, umri na boma anakolala. La pili lilibeba jina la mwenye mali na habari za alikompata. Eti simu dhaifu za wachanjaji zisilemewe na mambo wasiyoyahitaji. Kuunganisha vipande haikuwa shida yangu, kwa sababu kuna chombo tunakiita ORM: wewe unaandika tu "ng'ombe", chenyewe kinakwenda kuchota nusu huku na nusu kule, kinakuletea mnyama kamili. Niliwaeleza wenzangu ofisini jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyemuumba ng'ombe mwenyewe.

Majaribio tuliyafanya Musoma kwa ng'ombe wa kubuni. Wote walikuwa na mwenyewe, wote wasafi, hata kupe hawakuwa nao. Nani atashindwa na ng'ombe wa hivyo?

Siku tulipochapa orodha ya kwanza ya Bunda, bwana mifugo akanipigia simu.

"Madam, nimesimama zizini hapa Manyamanyama. Kwa macho yangu naona ng'ombe wamejaa. Kwenye karatasi yako wapo wawili. Hawa wengine ni mizimu?"

Nikamjibu kwamba huenda ameshika karatasi isiyo yake. Naam, nilimwambia hivyo, mtu mzima na akili zake.

Alipokata simu nikaangalia. Chombo changu kilikuwa kinamleta ng'ombe pale tu kinapozipata nusu zake zote mbili. Ambaye jedwali la pili halina habari zake, haletwi kabisa. Na kule Bunda nafasi ya mwenye mali ilikuwa imeachwa tupu kwa ng'ombe wengi, maana hawakuwa wa wenye maboma. Walikuwa wamewekwa tu pale watunzwe. Mtu wa kwetu hajazi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine anampa rafiki wa mbali. Rafiki anakunywa maziwa na anafunga mdomo. Kumuuliza ni wa nani ni kukosa adabu. Mimi nimezaliwa Butiama, nimekunywa maziwa hayohayo, na wakati nachora majedwali yangu jambo hilo halikunijia hata kidogo.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Mmoja, jamani! Unakiambia chombo kwamba jedwali la pili linaweza kuwa tupu, mlete ng'ombe hivyohivyo. Dakika mbili, chai haijapoa. Lakini mtaalamu kama mimi nionekane nimekosea? Thubutu! Nikawaandikia wachanjaji wote ujumbe: habari lazima ziwe kamili, ng'ombe asiye na jina la mwenyewe hachanjwi. Nikaifanya ile nafasi kuwa ya lazima. Juu yake nikapendekeza orodha ibandikwe kwenye ubao pale joshoni wanakoogeshewa ng'ombe, watu wahakiki majina yao. Nikauita uwazi, na kikao kizima kikaitikia kwa kichwa.

Watu wakajaza. Wangefanyaje, na homa ilishaua ng'ombe upande wa pili wa barabara? Orodha ikarudi imenenepa. Bosi akanisifu mbele za watu, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Majina sikuyasoma. Mtu wa hadhi yangu alisoma idadi ya mistari tu.

Siku chache baadaye mama akanipigia kutoka nyumbani Mwitongo, Butiama, analia. Mama yangu si mtu wa kulia. Hata baba alipofariki, na mdogo wake akaja kuswaga ng'ombe wote wa zizini akisema ni mali ya ukoo, mama alisimama tu mlangoni amejifunga khanga. Miaka yote hiyo nilijua hakubakiwa na kitu.

"Walibakigi watatu," aliniambia. "Baba yako aliwaweka kwa rafiki yake Bunda. Baba yako mdogo hakuwajua. Na wewe sikukwambia, nisikutie kwenye ugomvi. Sasa amewakuta wameandikwa kwenye ubao wa josho kwa jina langu. Ameshawachukua."

Nikafungua kompyuta, nikatafuta jina la mama, likaja papo hapo: ng'ombe watatu, kila mmoja na nusu zake zote mbili zimekamilika. Chombo kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana.

Nikaenda Bunda. Rafiki wa baba aliitikia shikamoo yangu akiwa amesimama, hakunikaribisha ndani.

"Nilikataa mara mbili," alisema. "Ng'ombe wa mtu hatajwagi. Wakaniambia mkubwa wao yuko Musoma, amesema bila jina hakuna sindano. Sasa nimuulie mke wa rafiki yangu ng'ombe wake? Nikataja. Halafu baba yako mdogo akaja na wazee wawili wa ukoo na karatasi ameing'oa ubaoni. Ningemzuia na nini, mwanangu?"

Hakujua kwamba huyo mkubwa wa Musoma ndiye amesimama mbele yake na mkoba wa kompyuta. Sikumwambia. Nilitoka nje ya boma, nikakaa kwenye jiwe, nikaubadilisha ule mstari, na kweli hazikuzidi dakika mbili.

Kwa baba mdogo nilipita pia. Zizi lake limejaa, na wale watatu walikuwa wamejibanza pembeni na hereni zangu masikioni. Nikamwomba awarudishe. Akacheka, akaniletea soda.

"Kazi yenu nzuri, mwanangu," akasema. "Siku hizi kila kitu kinaonekana."

Soda sikuinywa. Nikafika Mwitongo jua likiwa bado kali, nikamkuta mama amekaa na ungo, anachagua maharage. Alinisogezea kigoda. Hakuuliza kama nimefanikiwa. Alimjua shemeji yake kuliko mimi.

"Wewe si ndiye mtu wa kompyuta," alisema. "Nitafutie aliyeamuru majina yaandikwe. Simfanyi kitu. Nataka nimuone tu, nimuulize nilimkosea nini."

"Ni mfumo, mama," nikasema. Ndivyo tunavyosemaga maofisini tukitaka mtu aondoke dirishani.

Akaacha maharage. Akanitazama mimi, akautazama mkoba nilioupakata, akanitazama tena.

"Huyo mfumo," akauliza, "hana mama?"

"Anaye," nikasema.