Ubavu wa Kulia wa Sosthène

Mtu yeyote wa Bwera ukimuuliza habari za Sosthène, atakusimulia ile Jumapili ya mwaka 1969 alipomwangusha bondia Enoka mbele ya watu wa Kasese. Atasimulia kwa mikono, akirusha makonde hewani, mpaka chai yako imwagike. Mimi husikiliza tu. Siku ile nilikuwa kwenye kona ya Sosthène, nimeshika ndoo, na katika wote waliokuwepo hakuna aliyeumia kunishinda mimi, hata huyo Enoka mwenyewe.

Niseme tangu mwanzo: nilimwonea wivu. Sioni haya tena kulisema. Wivu ukikaa nawe miaka mingi huwa kama mpangaji asiyehama, unamzoea na kelele zake.

Sosthène alivuka mpaka mwaka 1964, kutoka upande wa Butembo, wakati kule Kongo watu walipokuwa wanakimbia. Alikuja na mkewe Jeanine, sufuria moja na rozari. Akapata kazi ya kupakia kahawa kwenye ghala moja pale Bwera. Mimi nilikuwa utingo wa lori lililopeleka kahawa hiyo stesheni ya reli Kasese, baadaye nikawa dereva. Kila gunia alilolipandisha yeye, nililipokea mimi juu.

Ngumi nilimfundisha mimi, jambo ambalo watu hawalitaji. Nilikuwa bondia wa kujulikana: mapambano kumi na mawili, kumi na moja nimeshinda, na lile moja nilishindwa na Enoka kwa pointi, nami mpaka leo sijakubali. Jioni tulifanya mazoezi nyuma ya ghala. Sosthène alikuwa na miguu mizito, na mkono wake ulikuwa unatangaza kwanza ndipo unapiga. Kitu kimoja tu alikijua, kupigwa bila kuanguka. Ndiyo maana wakamwita Gunia. Kutoka Fort Portal mpaka Mbarara, mwandaaji wa ndondi akikosa mtu wa kujaza nafasi, alituma salamu Bwera: mleteni Gunia. Alikwenda, alipigwa, akarudi jicho limefumba, na Jumatatu asubuhi yuko tena kwenye ubao wa lori na kilo sitini begani. Mapambano ishirini na matatu, ushindi mara nne, na katika hizo nne mara mbili mpinzani hakutokea.

Basi mwaka ule ikatangazwa kwamba Enoka, mchimba shaba na bingwa wa uzito wa kati wa upande wetu, atapigana Kasese, na mshindi ataingia timu ya kwenda Kampala. Timu hiyo ilikuwa na koti la kijani, vifungo vya kung'aa, nembo kifuani. Nililiona mara moja mwilini mwa mtu wa Fort Portal nikakosa hamu ya chakula. Mwaka mzima nilikuwa nimeomba marudiano na Enoka. Jina lililotoka likawa la Sosthène.

Sababu kila mtu aliijua: watu wa Enoka walitaka mtu wa kumpiga bila taabu. Lakini roho haisikii sababu. Sosthène alinijia mbio, amejaa furaha, na Kiswahili chake cha Kongo.

"Badiru, banaita miye! Weye njo utasimama mu kona yangu."

"Hongera, ndugu yangu," nikamwambia.

Wiki mbili kabla ya pambano, tukipakia, Sosthène aliteleza kwenye ubao akaanguka na gunia lake. Akainuka ameshika ubavu wa kulia, uso umekunjamana. Jioni akaniita pembeni, akatoa kitenge cha Jeanine kilichochanwa vipande, na majani yaliyopondwa.

"Funga hapa. Kaza. Na usiambie mutu, Badiru. Kama banajua, batapiga hapa tu."

Nikamfunga. Asubuhi nilimfunga, jioni nilimfungua, wiki mbili nzima, kama mke. Kwenye mazoezi nikigusa upande ule, aliguna na kurudi nyuma. Alinipa siri yake yote mkononi, na mimi kila nilipokaza kile kitambaa niliwaza koti la kijani.

Ijumaa kabla ya pambano nilipeleka mzigo Kasese. Enoka alikuwa hotelini karibu na stesheni, anakula chapati na maharage, watu wamemzunguka. Nikasubiri wapungue, nikaketi mbele yake.

"Mpige ubavu ya kulia," nikamwambia. "Aliumia. Anaficha."

Akanitazama, kidole bado kwenye mchuzi. "Wewe si rafiki yake?"

"Mimi rafiki yake."

"Sasa mbona naniambia?"

Akacheka, akaniagizia chai. Chai ile ilipoa mbele yangu, nikaiacha. Nilirudi Bwera nikijiambia kwamba nimemwokoa Sosthène, maana akianguka mapema hataumizwa sana. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi maneno mazuri ya kujifunika.

Jumapili jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Refa alikuwa sajini mstaafu, aliyetuamrisha sote kama kuruta. "Wewe wa ndoo! Chini! Kaa!" Nikamfungua Sosthène kile kitenge kwa mara ya mwisho. Nakumbuka nilitazama ngozi ya ubavu wake nisione kovu wala uvimbe. Nikasema moyoni, jeraha liko ndani. Akatoa rozari shingoni, akanipa niishike. Mimi, Badiru, Mwislamu, na dhambi yangu ya Ijumaa, nikashika rozari yake.

Raundi ya kwanza Enoka alikwenda moja kwa moja ubavuni. Mkono wa kushoto, ubavu wa kulia, tena na tena. Sosthène aliguna kila mara, akajikunja, kiwiko kikainuka kidogo kama mtu asiyeweza kukishusha. Watu wakacheka: "Gunia linamwaga kahawa!" Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikiwa nimeinamia ndoo.

Raundi ya pili Enoka hakupiga tena mahali pengine popote. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa hazina, anachimba hapo hapo. Na kila alipopeleka mkono wa kushoto kule chini, shavu lake la kushoto lilibaki wazi, halina mlinzi. Mara ya kwanza Sosthène aliliacha. Mara ya pili aliliacha. Mara ya tatu mkono wake wa kulia ulitoka bila kutangaza chochote, ule mkono uliobeba kahawa miaka mitano, ukatua tayani. Enoka aliketi. Kisha akalala. Sajini akahesabu mpaka kumi kwa sauti ya gwaride, na mtu wa shaba hakusogea.

Watu walivunja uzio. Jeanine alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sosthène alinikumbatia mimi kwanza, kabla ya mkewe, jasho lake likaniingia mdomoni. Nililia, na watu wakasema, tazameni rafiki wa kweli.

Kampala alipigwa siku ya kwanza, raundi ya kwanza. Akarudi na koti. Lilimbana mabegani, lakini kila Jumapili alilivaa kwenda misa. Jumatatu alikuwa kwenye ubao kama kawaida. Aliendelea kupigana, na kushindwa, mpaka mwaka 1974 alipoziacha ngumi akanunua kishamba cha kahawa huko milimani, Kyondo. Watu hawakumbuki alivyoshindwa. Wanaikumbuka ile ngumi moja. Mimi na ushindi wangu wa mara kumi na moja, nani ananitaja?

Hata hivyo nilikuwa na faraja yangu. Siku ile ile, nikiendesha lori kurudi Bwera, nilielewa kilichotokea: Enoka alisahau kichwa chake kwa sababu mimi nilimwonyesha ubavu. Kwa hiyo ushindi ule niliutengeneza mimi. Gunia alibahatika tu, tena hajui. Miaka saba nilikaa na wazo hilo. Kila walipomsifu, nililitoa moyoni, nikalitazama, nikalirudisha.

Mwaka 1976, mwezi wa mvua, nilipanda Kyondo kuchukua kahawa yao. Barabara ikaharibika, wakaniambia nisubiri, nile. Jeanine alipakua ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Baridi ya mlima iliingia mlangoni, nikamwona Sosthène amejikunyata karibu na moto.

"Ule ubavu," nikasema, kwa kutafuta maneno tu. "Bado nakuuma kama mvua nanyesha?"

Jeanine alisimama na mwiko mkononi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ubavu gani, Badiru? Hakukuwa ubavu! Alichana kitenge yangu ya mupya bure, miye nikakosa ya kuvaa ku misa!"

Nikamtazama Sosthène. Alikuwa anasukuma kuni ndani, hatazami mtu.

"Hukuumia?" nikauliza.

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulinidanganya mimi?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Enoka ilikuwa na nguvu mingi. Miye niko polepole, weye njo ulisemaka. Ilikuwa lazima nijue mbele mukono yake itapita wapi. Ilikuwa lazima mutu amwambie."

"Kulikuwa na watu wengi pale ghalani."

"Bale bengine banapenda miye," alisema. "Sikukuwa na hakika kama batasema. Weye njo nilikuwa na hakika."

Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Maisha yangu yote, kila nilipomsikia mtu akisema hivyo, nilidhani anasemwa mchawi mwingine. Wiki mbili yule mzito wa miguu alikuwa ameniona mpaka ndani, akanipima, akanipangia kazi, nami nikaifanya bila kukosea. Kisha akanikumbatia kabla ya mkewe, na miaka saba hakuwahi kumwambia mtu nilichofanya.

"Kula, Badiru," alisema Jeanine, akiniongezea sombe. "Inapoa."

Nikala. Lile koti la kijani lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, kola imechakaa, kifungo kimoja kimepotea. Hata pale, na tonge mdomoni, nililitamani.