Mafuta ya Miguu ya Nyanya

Wiki iliyopita, katika maktaba ya mtaani kwetu hapa Toronto, nilisoma historia ya parokia moja ya Wayup'ik, wenyeji wa asili wa kule Alaska. Padre aliwafikia mara chache kwa mwaka, akivutwa na mbwa juu ya theluji. Siku nyingine zote katekista ndiye aliyesali na wagonjwa. Nikasikia tena harufu ya mawese.

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu, mchana mmoja nyanya yangu alikuwa anakufa, na padre alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Katekista wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alimaliza sala, akafunga kitabu.

"Mwalimu, nipake basi mafuta ya wagonjwa," nyanya alimwomba.

"Mama, mimi si padre. Sina ruhusa."

Nilidhani amekosa mafuta tu. Nikakimbilia jikoni, nikarudi na chupa ya mawese.

"Haya hapa, Mwalimu!"

Nyanya alicheka hadi akakohoa. "Huyu mjukuu anataka kunikaanga!"

Mwalimu alipokea chupa. Akamsugua nyanya miguu, polepole, bila kusema neno, mpaka nyanya akasinzia. Niliamini nimemshawishi.

Sasa najua kwamba padre humpaka mgonjwa kwenye paji la uso na viganja, kwa maneno maalumu. Mwalimu alijua pia. Ndiyo maana alichagua miguu, akanyamaza.