Tangi Jipya la Gari Lisilo na Dereva

Saa moja asubuhi, mvua ya Oktoba ikipiga mabati ya gereji moja mtaani Lindenwald, mjini Hamilton, jimbo la Ohio, Verlin Combs anagonga tangi la petroli kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio. Anagonga tena. Anasogeza pua kwenye tundu, ananusa, anaguna.

"Limekufa," anatangaza.

"Limekufa vipi, mzee? Si ndilo lililonileta hapa?" analalamika mteja wake, Clete Isaacs, mchomeleaji wa vyuma mwenye gari aina ya Dodge la mwaka 1968.

"Hata babu yangu alikuja mjini kwa miguu yake mwenyewe, na wiki ile ile tukamzika. Kutu imekula sakafu yote. Hapo umebakiwa na rangi na dua."

Kicheko kinasikika kutoka chini ya gari la pili. Ni Garnett Sizemore, mwenye gereji. "Usibishane naye, Clete. Huyo akinusa, andaa jeneza."

Verlin hacheki. Anauliza swali analomuuliza kila mteja: "Unaliendesha, au unaliuza?"

Katika kazi hii, swali hilo ndilo linalochagua tangi. Magari haya ya injini kubwa, fahari ya vijana wa Marekani wa miaka ya sitini, yamezeeka na matangi yao ya awali yameoza. Anayetaka kuuza, au kushindana kwenye maonyesho ambako waamuzi hulala chini na vioo mkononi, hununua tangi la kuigiza, lenye mbavu na mishono ile ile ya kiwandani. Anayetaka kuendesha hununua la namna nyingine: lenye kuta za ndani zinazozuia petroli isikimbilie upande mmoja kwenye kona, na pampu iliyozama ndani yake. Kwa kioo cha mwamuzi, la pili ni aibu. Barabarani ndilo tangi.

"Mtu anaweza kukudanganya kuhusu mke wake na kanisa lake," anasema Verlin. "Akishachagua tangi, umemjua."

Ana umri wa miaka sitini na minne. Baba yake aliacha machimbo ya makaa ya mawe huko Kentucky na kuhamia Hamilton, kama walivyofanya nusu ya majirani zake. Verlin mwenyewe alifanya kazi katika kiwanda cha makasha ya chuma hadi kilipofungwa, ndipo akaja kwa Garnett, ambaye humlipa dola kumi na tisa kwa saa. Ni ujira ambao haujamfanya mtu yeyote tajiri, na hakuna aliyeahidi kwamba ungefanya hivyo.

Mwaka jana doa lilianza kuota katikati ya macho yake yote mawili. Daktari alilitaja kwa jina refu, lakini hakuwa na dawa yake.

"Nikikutazama usoni, uso huna," anaeleza. "Nikitazama bega lako, uso unarudi. Sasa, gari huwezi kuliendesha kwa kutazama mabega."

Leseni yake ya udereva inakwisha majira ya kuchipua, na haitahuishwa.

Nyumbani, chini ya turubai, lipo gari lake: Chevelle ya mwaka 1970, ya kijani kibichi, ambayo aliinunua ikiwa chakavu na kuifufua kwa mikono yake. Kila Jumapili ya kiangazi alimpeleka mkewe, Nedra, hadi kwa mama mkwe, akipita barabara ndefu kwa makusudi. Mganga hajigangi: wakati akiwahubiria wengine, tangi lake mwenyewe lilitoboka.

Mnamo Septemba alikuja mnunuzi kutoka Arizona, Bwana Aldine, mtu muungwana aliyevua kofia mbele ya Nedra na hakuficha neno. Alitoa ahadi ya dola elfu sitini na mbili, kwa sharti moja: tangi liwe la kuigiza, lisilotofautiana na la kiwandani.

"Utaliendesha?" Verlin alimuuliza.

"Hapana, Bwana Combs. Nina ghala la hewa baridi. Petroli huharibu. Tangi litakaa kavu."

Jioni ile, mbele ya maharage na mkate wa mahindi, mume na mke waliyamaliza, au walidhani wameyamaliza.

"Elfu sitini na mbili, Verlin. Paa linavuja mpaka kitandani."

"Tangi kavu ni debe, Nedra."

"Na dereva asiyeona ni nini?"

"Debe."

"Basi uza moja. Siwezi kufuta vumbi la madebe mawili."

Verlin aliagiza tangi la kuigiza. Lilikaa juu ya meza ya gereji kwa wiki kadhaa, jipya, ling'aalo, likingoja kufungwa. Kila alipopita alilipapasa mbavu. Kisha asubuhi moja alilirudisha dukani, akaleta lile jingine, la kuendeshea.

Garnett alilitazama mara moja tu. "Umemfukuza yule bwana," alisema.

"Sijamfukuza. Nafunga tangi tu."

Bwana Aldine aliandika barua fupi ya adabu, akanunua gari jingine. Nedra akaweka ndoo kitandani, pale paa linapovuja.

Leo mchana Verlin yuko chini ya Chevelle yake, iliyokokotwa kutoka nyumbani hadi gereji, akikaza mikanda miwili ya chuma inayobeba tangi. Garnett amechutama kando, tochi mkononi.

"Tochi ya nini? Mimi naona kwa vidole."

"Yangu mimi. Nisije nikakukanyaga pua, ndiyo mtaji wa gereji."

Verlin anainuka, anakunja kibao cha namba cha nyuma, ambako ndiko mdomo wa tangi ulikofichwa, na kumimina petroli. Injini inapowaka, vioo vya madirisha vinatetemeka. Clete Isaacs, aliyefuata Dodge yake, anasimama mlangoni.

Tangazo la kuuza Chevelle limebandikwa ukutani. Bei imeshuka hadi elfu arobaini na tano. Mstari wa mwisho unataka mnunuzi awe mkazi wa Lindenwald, na aliendeshe. Kwa hesabu yoyote ya biashara, sharti hilo ni upumbavu, na Nedra amelisema hilo kwa maneno makali zaidi. Mtu mmoja amepiga simu kutoka Michigan. Aliposomewa sharti, alicheka na kukata. Clete, anayekaa mtaa wa pili, ameulizia mara mbili. Fedha hana.

Verlin anatumaini kuliuza kabla theluji haijaanguka na barabara hazijamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, ile inayokula chuma.

"Simtafuti tajiri, namtafuta jirani," anasema, akitazama bega la anayezungumza naye. "Nitakuwa kibarazani. Likipita jioni nitajua liko gia ya pili au ya tatu. Akibadilisha vibaya, nitajua."

"Na utampigia kelele," anasema Nedra, aliyemletea chakula na kukiweka juu ya meza bila kumwangalia.

"Nitampigia kelele."

"Basi nitakaa na wewe," anasema Nedra. "Nikuambie ni nani."